Kazi za nyumbani 94, mtihani 41: nijiondoe au nibaki?

Shikamoo Mjomba,

Nina miaka 29 na nimerudi chuo baada ya kukaa nje ya darasa miaka tisa. Zimebaki siku tisa nifanye uamuzi, na nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia.

Nilipomaliza sekondari nilikuwa mmoja wa wanafunzi wazuri wa hisabati. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Fomula nilikuwa nazikariri kama mashairi. Swali likija naitambua sura yake kabla sijamaliza kulisoma. Baba alipofariki ilibidi mmoja wetu asome na mwingine afanye kazi. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka 11, mimi nina 20. Hakuna aliyenilazimisha. Nilimsomesha mpaka akaingia chuo, na mwaka huu nikasema zamu yangu imefika. Nikaomba uhandisi wa umeme, nikapata, chuo kilekile anachosoma yeye. Yuko mwaka wa pili na kalkulasi ameshaimaliza. Mimi ndiyo kwanza nipo prikalkulasi, lile somo la kumwandaa mtu kwa ajili ya kalkulasi.

Kabla ya kupangiwa masomo tulifanya jaribio la kupima kiwango. Matokeo yangu yalisema nianze na aljebra ya chuo, halafu muhula unaofuata ndipo niingie prikalkulasi. Nikagoma. Nimeshapoteza miaka tisa, nipoteze na muhula tena? Mshauri wa masomo akaniambia nisaini fomu kwamba nimeingia kwa hiari yangu. Nikasaini.

Siku ya kwanza mwalimu alitugawia silabasi ya kurasa sita. Nikatazama orodha ya mada: fanksheni, vipeo, logi, trigonometria. Moyoni nikacheka, hivi vyote nilishavisoma. Ukurasa wa malengo ya kozi sikuusoma. Nimekuja kuusoma juzi, maji yakiwa yameshamwagika. Umeandikwa kwamba mwanafunzi ataweza kueleza fanksheni moja kwa njia nne, yaani maneno, jedwali, grafu na fomula, na kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine. Ataweza kuunda mlinganyo kutokana na hali halisi. Ataweza kutetea hatua zake kwa maandishi. Kutetea, Mjomba! Mimi nilizoea kupata jibu, nikalipigia mistari miwili chini, nikaendelea na swali lingine.

Kazi za nyumbani tunafanya kwenye kompyuta na alama zinatoka palepale. Jioni mdogo wangu anakaa pembeni yangu. Nikikwama anachukua kalamu, hatua tatu, kwisha. Naangalia anachofanya, naelewa kabisa, najaza. Asipokuwepo nina programu kwenye simu: unapiga picha swali, inakuletea hatua zote. Kwa wiki nzima haizidi saa tatu, maana bado nafanya kazi asubuhi. Wastani wangu ni 94.

Mtihani wa kwanza nimepata 41.

Swali la kwanza lilisema f(x) = x² + 3x, tafuta f(x + h), utoe f(x), ugawe kwa h. Nikaandika x² + 3x + h, nikatoa, nikagawa, nikapata 1. Nikafurahi lilivyotoka safi. Sifuri. Lingine lilikuwa na (x² − 4) juu na (x − 2) chini, ukaulizwa kinatokea nini kwenye x = 2. Nikarahisisha nikapata x + 2, nikaandika jibu ni 4. Nimepewa alama moja kati ya nane, na pembeni mwalimu ameandika "una uhakika?" Swali la bakteria wanaoongezeka mara mbili kila baada ya saa tatu niliacha wazi. Sikuwahi kuliona la namna hiyo.

Na darasani kwenyewe hafundishi. Anatuweka vikundi, anatupa swali, anazunguka akiuliza "kwa nini?" Ukimuuliza na yeye anakuuliza. Nilimpenda sana mwalimu wangu wa sekondari, aliyekuwa akiandika mfano ubaoni nasi tunafanya kumi zinazofanana nao.

Mwisho wa kujiondoa kwenye kozi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Ili niruhusiwe kuingia kalkulasi lazima nimalize na 70. Mitihani iko mitatu, kila mmoja asilimia 20. Kazi za nyumbani asilimia 15. Mtihani wa mwisho asilimia 25. Mwenzangu aliyepata 38 ameshajiondoa. Mwingine ananiambia nihamie fani isiyo na kalkulasi, niachane na presha. Mshauri wa masomo anasema uamuzi ni wangu, na naona kabisa ile fomu niliyosaini iko mezani kwake.

Mdogo wangu aliniuliza mtihani ulikuwaje, nikamjibu "si mbaya." Karatasi nimeikunja nne, iko ndani ya begi. Usiku nawaza kwamba labda akili ya hesabu ilipita kwangu njiani ikielekea kwake, na hao wa sekondari walionisifia walikuwa wananihurumia.

Nijiondoe, nirudi aljebra, nibaki nipambane, au niache uhandisi kabisa?

Dada Mkubwa

*

Marahaba, mpwa wangu. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya hizo siku tisa. Na niseme mapema kwamba kabla ya kuandika safu hii nilishika chaki miaka mingi, kwa hiyo utanivumilia nikiteleza kuingia kwenye hesabu zenyewe. Naona ndimo sehemu ya jibu lako ilimolala.

Nikikuelewa sawasawa, umebeba mambo mawili kwenye begi moja. La kwanza ni la kozi: umepata 41, una tarehe, una njia nne. La pili ni la nyumbani: uliyemsomesha amekutangulia, na sasa yeye ndiye anayeshika kalamu yako. Umeyaandika kana kwamba ni jambo moja, na nadhani ndiyo maana hulali. Tuyatenganishe kwa muda, mwishoni tutayarudia pamoja.

Tuanze na hizo namba mbili. Umeziweka kama zinazopingana, 94 inasema unaweza na 41 inasema huwezi. Mimi sioni ugomvi. Ile 94 ni ya watu watatu: wewe, mdogo wako na simu. Ile 41 ni ya mtu mmoja aliyekaa peke yake na kalamu, tena kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze. Ukiitazama hivyo, 41 si mbaya kama unavyoiona usiku. Mtu ambaye hajawahi kufanya zoezi hata moja la kozi hii akiwa peke yake amefika 41 kwa akiba ya miaka tisa iliyopita. Hao waliokusifia sekondari sidhani kama walikuwa wanakuhurumia.

Umeandika kwamba mdogo wako akifanya, "naelewa kabisa". Nakuamini. Lakini kumwelewa mtu anayetembea si kutembea. Kila hatua aliyoandika ilikuwa na mlango ambao wewe hukuuona, kwa sababu aliufungua kabla hujaufikia: kwa nini aanze na kutafuta vigawo badala ya kufungua mabano? Kwa nini achukue logi pande zote mbili hapa na si pale? Mtihani unakusimamisha mbele ya milango hiyo yote ikiwa imefungwa.

Sasa lile swali lililokupa 1. Niruhusu nikae hapo kidogo.

f(x) = x² + 3x. Acha herufi kwanza, tuweke namba. x ikiwa 5, tunapata 25 + 15, yaani 40. Sasa h iwe 1. Kwa njia uliyotumia wewe, f(5 + 1) ingekuwa 40 + 1, yaani 41. (Namba hiyo imekuandama, pole.) Lakini f(5 + 1) ni f(6), na ukiiweka 6 unapata 36 + 18, yaani 54. Fanksheni haikupanda kwa 1, imepanda kwa 14. Umeona kilichotokea? Ichukulie fanksheni kama mashine: wewe uliongeza h baada ya mashine kumaliza kazi yake. Swali lilitaka h iingie ndani ya mashine pamoja na x, isagwe pamoja nayo. Hilo si kosa la mtu asiye na akili ya hesabu. Ni kosa la mtu anayeisoma f(x) kama jina tu la fomula, wakati yenyewe ni agizo: chochote utakachoweka ndani ya mabano haya, kifanyie hivi. Alama hiyo tumerithi kwa Leonhard Euler, aliyeanza kuitumia katika miaka ya 1730. Milinganyo watu walikuwa wanaitatua karne nyingi kabla yake bila kuwa na f(x), kwa hiyo usione aibu ikikupa shida kwa wiki sita.

Na kwa nini mwalimu aliliweka swali la kwanza kabisa? Kwa sababu ndiyo kalkulasi yenyewe inayobisha hodi. Huko mbele utaambiwa uifanye h iwe ndogo, ndogo zaidi, ikaribie sifuri, na utazame kile kinachobaki. Hapo utakuwa umepata kasi ya kubadilika kwa fanksheni kwenye nukta moja. Mwanafunzi anayefika kalkulasi bila kuweza kuandika f(x + h) hukwama wiki ya pili, na watu husema kalkulasi ngumu. Kilichomkwamisha ni mabano tu.

Hapa nauliza swali kuhusu neno moja ulilolitumia: "nilishavisoma." Kweli, majina ya mada ni yaleyale. Lakini somo hili halipo kwa ajili ya kurudia sekondari, lipo kwa ajili ya kile kinachofuata. Hata jina lake linasema hivyo. Chukua swali la (x² − 4) kwa (x − 2). Sekondari ungepewa alama zote kwa x + 2. Chuoni wanataka uone kwamba kurahisisha huko kuna sharti: x isiwe 2, kwa sababu ukiweka 2 kwenye sehemu ya mwanzo, kabla ya kurahisisha, unapata sifuri juu na sifuri chini, na huwezi kugawa kwa sifuri. Grafu ni mstari ulionyooka wenye tundu moja, pale x ilipo 2. Thamani zinakaribia 4 pande zote mbili, lakini kwenye 2 penyewe hapana kitu. Jibu lako la 4 lilikuwa jirani kabisa na ukweli. Ndiyo maana, nadhani, mwalimu hakuandika "umekosa". Aliandika "una uhakika?" Na hiyo ndiyo "kutetea" iliyokushtua kwenye silabasi: kusema hatua hii inaruhusiwa lini na lini hairuhusiwi. Ukurasa ule wa malengo ni karatasi ya mtihani iliyovuja kihalali. Kila sentensi yenye "ataweza" igeuze iwe swali kwako: je, naweza, kitabu kikiwa kimefungwa?

Kuhusu mwalimu "hafundishi", hapo nakwenda polepole, kwa sababu wapo walimu ambao kweli hawafundishi na kuuliza "kwa nini" wamekufanya maficho. Sijui wako ni yupi. Lakini tazama: kozi inadai ueleze, naye anakufanya ueleze. Yule wa sekondari alikupa mfano mmoja na maswali kumi yanayofanana nao, ukawa hodari wa kutambua sura. Bakteria hawakuwa na sura uliyoizoea, ukawaacha. Ungejaribu hata kwa jedwali, ungeona si wageni. Tuseme wanaanza 500. Baada ya saa tatu ni 1,000, saa sita 2,000, saa tisa 4,000. Umeshapita kutoka maneno kwenda jedwali. Fomula inajiandika: 500 mara 2 kwa kipeo cha t/3. Ukiulizwa watafika lini 5,000, jedwali halitoshi, wako mahali fulani baada ya saa tisa. Hapo ndipo logi inapoitwa kazini, na inakupa karibu saa 9.97. Logi haikuwekwa kwenye silabasi kukutesa. Inauliza swali moja tu: kipeo ni kipi?

Na kwa kuwa fani yako ni umeme, hata trigonometria itakufuata mpaka kazini. Umeme unaofika kwenye soketi hupanda na kushuka kwa wimbi la saini (ile "sine" ya trigonometria, si ile uliyoweka kwenye fomu ya mshauri), mara 50 au 60 kwa sekunde kulingana na nchi. Huko utahitaji kujua, bila kufikiri mara mbili, kwamba saini ya jumla ya pembe mbili si jumla ya saini zake. Saini ya nyuzi 30 ni 0.5, ya nyuzi 60 ni takriban 0.866, zijumlishe upate 1.366, na saini haijawahi kuvuka 1 tangu iumbwe. Ni kosa lilelile la f(x + h) limevaa nguo nyingine.

Sasa uamuzi. Sitakuamulia, na nina shaka na yeyote atakayekuamulia bila kuiona ile karatasi iliyokunjwa nne. Lakini karatasi hiyo inajua mengi. Itoe. Andika upya kila swali ulilokosa kwenye karatasi tupu, simu ikiwa chumba kingine, kisha jiulize mbele ya kila kosa: nimeangukia wapi? Kama kila mara unaangukia kwenye mambo ya zamani, kufungua mabano, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kipeo hasi, kudhani (a + b)² ni a² + b², basi kamba inakatikia pabovu, na jaribio la kupima kiwango liliona kitu cha kweli. Kama mambo ya zamani yako sawa na unaangukia kwenye mapya tu, maana ya f(x), sharti la kugawa, kugeuza maneno kuwa mlinganyo, hiyo ni hali nyingine kabisa. Kwenye barua umenitajia maswali matatu, na yote matatu yananielekea upande wa mapya. Lakini umeniandikia uliyoyakumbuka. Yaliyobaki unayo wewe.

Ukifikiria kubaki, fanya hesabu bila huruma. Ile 41 imeshakupa pointi 8.2. Kazi za nyumbani zikibaki 94 zinakupa 14.1. Ili ufike 70 unahitaji pointi 47.7 kutoka kwenye mitihani iliyobaki yenye uzito wa 65, yaani wastani wa kama 73. Kutoka 41 kwenda 73 ni mlima, lakini watu huupanda. Sasa ngoja: ukianza kufanya kazi zako mwenyewe, huenda wastani wa 94 ukashuka. Ukishuka mpaka 70, mitihani itakudai wastani wa 79 hivi. Kwa hiyo kuachana na kalamu ya mdogo wako kuna gharama, na nisikufiche. Ila gharama yenyewe yote ni pungufu ya pointi nne za kozi nzima, na kinachokuangusha ni mitihani yenye uzito wa 85. Soma pia silabasi uone kama mtihani wa mwisho unaweza kufidia mtihani mmoja mbaya. Kozi nyingine zina kipengele hicho, nyingine hazina, na kinaweza kubadilisha hesabu nzima.

Halafu kuna saa. Desturi ya vyuo vingi ni saa mbili za kujisomea kwa kila saa ya darasani. Kama darasa lenu ni saa nne kwa wiki, kozi inadhani unaipa saa nane nyingine. Wewe unaipa tatu, tena ukiwa na wasaidizi wawili. Je, hizo tano zaidi zipo katika wiki yako, na kazi yako ya asubuhi ikiwemo? Usinijibu kwa hamasa. Chukua wiki iliyopita, saa kwa saa, utafute zingetoka wapi. Kama hazipo, kubaki kutakuwa ni kusubiri 41 nyingine, na kozi iliyofeliwa huacha doa kubwa zaidi kwenye hati ya matokeo kuliko iliyoachwa kwa wakati.

Kujiondoa nako kuna mkia. Uhandisi ni mnyororo: prikalkulasi ndipo kalkulasi, kalkulasi ya kwanza ndipo ya pili, na fizikia inasubiri hapohapo. Pete moja ikisogea muhula mmoja, zilizo nyuma yake husogea nazo. Ukienda ofisini uliza na hili: kama unasoma kwa mkopo au ufadhili, idadi ya masomo ikipungua utaathirika? Kuna waliojiondoa salama darasani wakakutana na barua ya mfadhili mlangoni. Kwa upande mwingine, muhula wa aljebra iliyotulia unaweza kukuokolea mihula miwili ya kurudia kalkulasi. Umeuita "kupoteza". Nashangaa kama ungelitumia neno hilo iwapo mdogo wako asingekuwa mwaka wa pili.

Kuhusu kuhama fani sina mengi. Haina aibu, na 41 moja si sababu yake. Kama ungeamka kesho umepata 85 na bado ukatamani kuhama, hapo ungekuwa na jambo la kulitafakari kwa utulivu. Uhandisi ni ndoto uliyoiweka kabatini ukiwa na miaka 20. Una haki ya kuitoa na kuangalia kama bado inakutosha, lakini usiipime siku uliyopigwa.

Nimebakiza mdogo wako. Unasema akili ilipita kwako ikielekea kwake. Mimi nilichosoma ni kwamba kilichopita kwako kwenda kwake ni ada. Yeye amekaa darasani miaka tisa mfululizo. Wewe miaka hiyo ulikuwa unailipia. Hebu nikuulize: nani alikuambia atakudharau akijua? Yeye amesema hivyo, au ni wewe umemsemea? Huenda anakaa pembeni yako kila jioni kwa sababu hajui njia nyingine ya kulipa deni, na kukupa majibu ndiyo zawadi pekee aliyoiona mkononi. Unaweza kumpa kazi nyingine: kalamu ibaki kwako, wewe ueleze kwa sauti, yeye ajifanye hajui. Akiona umekosea asikwambie jibu, akuulize tu "kwa nini?", kama yule mwalimu. Itamuuma kunyamaza, hasa wiki ya kwanza. Kuna hatari ndogo pia, kwamba baadhi ya jioni utamkasirikia na hasira yenyewe isiwe ya hesabu. Hilo mnaweza kulimudu kuliko "si mbaya" inayoendelea kukaa katikati yenu.

Ukienda kumwona mwalimu saa zake za ofisi, na nadhani ungefaa uende kabla ya Ijumaa hiyo uamue vyovyote, ingia na karatasi mkononi. Usimuulize "nitafaulu?", hana namna ya kujua. Mwonyeshe swali la tundu na umwambie, "hapa sikuwa na uhakika, sasa ninao, naomba nikueleze." Namna atakavyokusikiliza itakuonyesha kama kweli hafundishi.

Swali la kwanza nimekuonyesha tu kwamba 1 haiwezekani. Jibu lenyewe sikukupa, na mdogo wako usimwombe. Ukilipata, weka x = 5 na h = 1 uone kama inatoka 14. Kisha niandikie, hata kama umeshajiondoa.

Mjomba